Tanga Pekee Halitoshi

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wahenga. Kijana wa Garsen atakaye kuutweka tanga la magunia mtumbwi wa babu yake, na kuutia usukani wa ubao, hastahili kuchekwa. Anastahili kufundishwa.

Kutoka Garsen, Mto Tana huelekea kusini-mashariki hadi kumwaga maji yake baharini, Kipini. Kwa hiyo upepo wa kusi waweza kumsaidia apandaye mto dhidi ya mkondo. Hiyo ni neema. Lakini mtumbwi wa Wapokomo ni gogo jembamba lililochongwa kwa ajili ya kafi na upondo. Upepo wa ubavuni huupindua mara moja. Ndiyo maana mafundi wa pwani huitia ngalawa matengo pande zote mbili ndipo waitweke tanga.

Na usukani je? Usukani hugeuza chombo kwa sababu maji huupiga ubao wake. Mtumbwi unapochukuliwa na mkondo kwa kasi ile ile ya maji, hakuna maji yaupigayo, na usukani huwa kama uliokufa. Katika mafuriko kama yale ya 1997 na 2023, aliyeacha kafi nyumbani huenda asirudi.

Enyi walimu, somo hili la fizikia li mlangoni petu. Kijimtumbwi cha mti na beseni la maji vyatosha kulifundisha darasani, kabla mto haujalifundisha kwa msiba.