Mawe ya Mbale Si Hadithi ya Kutunga

Binti yangu alisimulia darasani, hapa Uingereza, habari za mvulana wa Uganda aliyeangukiwa kichwani na jiwe la kimondo. Mwalimu akamwambia, mbele ya wenzake, kwamba hicho ni kisa cha kutunga. Nimemwandikia barua ndefu. Mume wangu anasema nimezidisha. Sijazidisha, mtoto ameitwa mwongo.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, alasiri. Kimondo kilipasuka angani juu ya Mbale, mawe yakanyesha mjini na mashambani. Sisi wa Bungoma, ng'ambo tu ya mpaka, habari tulizipata matangani kwa shemeji aliyekuwa akiuza mitumba huko. Mtaalamu Mholanzi, Peter Jenniskens, alifika na wenzake, wakashirikiana na watu wa Makerere kuyatafuta. Yalipatikana ya kilo 150 hivi. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Kijiwe cha gramu 3.6 kiligonga kwanza majani ya mgomba, kikapungua kasi, ndipo kikamwangukia mvulana yule. Hakuumia. Wengine waliyasaga wakayala wakitumaini kupona UKIMWI, na siwalaumu, maana dawa zilikuwa hazijawafikia.

Waingereza ya kwao wanayatukuza. Mwaka 2021 kimondo kilianguka Winchcombe, mbele ya nyumba ya familia moja, na lami ya pale kilipogonga ikakatwa ikapelekwa makumbusho London. Lami! Kule Yorkshire upo mnara wa matofali uliojengwa 1799, palipoanguka jiwe la kilo 25 mwaka 1795. Kibarua John Shipley alikuwa karibu nalo likishuka. Wasomi wengi wakati huo hawakukubali kwamba mawe huanguka kutoka angani, hata Edward Topham, mwenye shamba, akalazimika kukusanya ushahidi wa viapo. Shipley alisema kweli. Kwa nini wa Mbale wasiaminiwe?

Tangu siku ile binti yangu hanyooshi kidole darasani, yeye aliyekuwa hanyamazi. Mdogo wake amebandua sumaku kwenye friji, kutwa anapekua mfereji wa paa akitafuta vumbi la vimondo. Nimemwacha, ingawa baba yake hapendi apande ngazi. Dada mtu humshikia ngazi, na hapo ndipo namsikia akicheka.

Kama ulikuwa Mbale siku ile, au una ndugu aliyekuwapo, tafadhali niandikie mlichokiona. Nitamsomea.