Kivinjari Kinachokumbuka Kila Kitu

Karibu kila ukurasa unaoufungua kwa Firefox huandikwa katika faili moja, places.sqlite, lililomo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia, mwanzoni utasoma SQLite format 3, kisha vurugu tupu la alama. Hiyo ni hifadhidata ya SQLite, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp alipokuwa akitengeneza programu ya meli ya kivita. Hifadhidata ya awali ya programu hiyo ilitegemea seva. Seva ilipogoma, programu nayo ilikwama. Hipp akataka inayoishi ndani ya programu yenyewe. Leo imo katika simu zote za Android na iPhone.

Kuichungulia unahitaji sqlite3, programu ndogo ya bure isiyo na vitufe wala madirisha: unaandika amri, inajibu. Funga kivinjari kwanza, kisha nakili faili na nakala uiite nakala.sqlite. Firefox ikiwa wazi hulishikilia faili lake, na mambo mapya huenda bado yamo kwenye faili la pembeni lenye mkia wa -wal.

Andika sqlite3 nakala.sqlite, halafu .tables. Majedwali yatajipanga: moz_places, moz_bookmarks, moz_historyvisits na mengineyo. Amri ya .schema moz_places itakuonyesha safu zake. Sasa uliza:

SELECT title, visit_count FROM moz_places ORDER BY visit_count DESC LIMIT 10;

Hizo ndizo kurasa 10 unazozirudia zaidi, utake usitake kukiri.

Tarehe ndizo zenye ukaidi. Safu ya last_visit_date ina tarakimu 16 mfululizo: ni mikrosekunde tangu Januari 1, 1970. (Chrome huanzia 1601!) Andika:

SELECT title, datetime(last_visit_date/1000000,'unixepoch') FROM moz_places;

Ukiambiwa 04:00, yaani saa 10 alfajiri, na wewe ulisoma saa 1 asubuhi, usishtuke: hiyo ni saa ya UTC, saa 3 nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Ongeza 'localtime' baada ya 'unixepoch'.

Na kufuta? Kwa kawaida SQLite haisugui kilichofutwa. Huweka tu alama kwamba nafasi hiyo iko wazi. Programu isipowasha secure_delete, maneno yenyewe hubaki hadi mengine yaandikwe juu yake, au hadi amri ya VACUUM ilijenge faili upya. Wachunguzi wa vifaa vya kielektroniki hupekua hapo hapo.