Sindano ya Miezi Mitatu, Simu na Uvimbe wa Ubongo: Ushahidi Unasemaje?

Utafiti wa Demografia na Afya wa Malawi wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 walioolewa, watatu walikuwa wakitumia sindano ya uzazi wa mpango. Hakuna njia nyingine iliyoikaribia. Sindano hiyo, ambayo wengi huiita Depo, huchomwa mara moja kila miezi mitatu. Haimlazimu mama kukumbuka kidonge kila jioni, wala haiachi kitu nyumbani cha kuonwa na mume au mama mkwe. Inafahamika Nsungwi, mjini Lilongwe, na inafahamika Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka mjini, ambako wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Kwa hiyo utafiti uliochapishwa Machi 2024 katika jarida la BMJ unatuhusu sisi kuliko hata nchi ulikofanyika. Watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba wanawake waliotumia sindano hiyo kwa muda mrefu walikuwa na hatari kubwa zaidi, takribani mara tano na nusu, ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma. Huo ni uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo.

Mara tano na nusu inatisha. Lakini kabla ya mtu kuikimbia sindano, aione kwanza hesabu yenyewe.

Tisa kwa kumi na moja

Magonjwa adimu huchunguzwa kwa kuanza na wagonjwa, kisha kurudi nyuma kutafuta kilichowatangulia. Watafiti walipekua kumbukumbu za bima ya afya ya taifa, wakapata wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma kati ya 2009 na 2018. Kila mmoja walimlinganisha na wanawake watano wa umri wake waliokuwa hawajafanyiwa upasuaji huo, jumla 90,305. Halafu wakaangalia: nani alikuwa ametumia homoni ipi?

Miongoni mwa waliopasuliwa, waliotumia sindano walikuwa 9. Katika kundi la pili walikuwa 11. Kundi hilo la pili ni kubwa mara tano, hivyo kama sindano isingehusika kwa namna yoyote, palipo na 9 upande mmoja tungetarajia kama 45 upande wa pili. Hesabu kamili ya kitakwimu ndiyo iliyotoa mara tano na nusu. Na kwa kuwa wahusika ni wachache, ongezeko halisi linaweza kuwa popote kati ya mara mbili na mara kumi na tatu. Mwaka 2025, watafiti wa Marekani nao walichapisha matokeo yenye mwelekeo uleule, ila ongezeko walilolipata lilikuwa dogo: zaidi kidogo ya mara mbili.

Mwili wenyewe unatoa sababu ya kuamini uhusiano huu. Seli za meninjioma nyingi zina vipokezi vya projesteroni, homoni ya kike. Huenda ndiyo maana uvimbe huu huwapata wanawake takribani mara mbili kuliko wanaume, na wakati mwingine huongezeka kasi mama akiwa mjamzito. Sindano ina medroksiprojesteroni, homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, miligramu 150 kwa dozi moja. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambayo dozi yake ni ndogo, hakikuonyesha ongezeko lolote katika utafiti huohuo wa Ufaransa.

Sasa tupime uzito wa hatari hiyo. Tuchukue, kwa mfano tu, wanawake 100,000, na tuseme 10 kati yao hupata meninjioma kwa mwaka. Zidisha kwa tano na nusu, wanakuwa 55. Wanaobaki salama ni 99,945. Na meninjioma nyingi si saratani. Hukua polepole, na nyingine hazihitaji kupasuliwa. Upande wa pili wa mizani, utafiti uleule wa 2015–16 ulikadiria kwamba kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa Malawi, akina mama 439 walifariki kwa sababu za uzazi. Dada anayeacha sindano kwa hofu, bila njia nyingine mkononi, akapata mimba asiyoipanga, ameruka majivu akakanyaga moto.

Mwenye kuhitaji tahadhari ya kweli ni yule aliyekwisha kuambiwa ana meninjioma, au aliyewahi kuwa nayo: huyo aiache sindano na apewe njia nyingine. Aliyeitumia kwa miaka mingi ana haki ya kumuuliza muuguzi kuhusu kitanzi au njia nyingine inayomfaa. Wengine wote hawana sababu ya kukatisha dozi.

Simu ina kosa gani?

Watu wengi wakisikia uvimbe wa ubongo, kidole cha kwanza hunyooshewa simu, na cha pili mnara wake. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 2011, pale shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilipoyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Maana yake ilikuwa kwamba ushahidi ni mdogo na uchunguzi uendelee. Uliendelea. Mwaka 2024, mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu miaka kumi au zaidi. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja DNA ndani ya seli.

Eksirei inayo nguvu hiyo. Kati ya 1948 na 1960, maelfu ya watoto nchini Israeli walitibiwa mapunye kwa kupigwa eksirei kichwani ili nywele zing'oke. Watoto 10,834 kati yao walifuatiliwa hadi utu uzima, na meninjioma ikaonekana kwao mara tisa na nusu kuliko kwa wenzao. Leo mapunye yanatibiwa kwa vidonge. Kipimo kimoja cha CT scan hutumia mionzi kidogo sana ukilinganisha na ile, hivyo aliyeandikiwa na daktari asikikatae.

Vihatarishi vingine vya uvimbe wa ubongo vilivyothibitishwa ni vichache. Umri ni kimojawapo. Yapo magonjwa adimu ya kurithi, kama lile linaloleta vinundu na madoa ya kahawia mwilini. Pia kinga ikishuka sana kwa sababu ya VVU, limfoma inaweza kuanzia ndani ya ubongo. Anayemeza ARV bila kukatiza anajikinga nayo. Tena, uvimbe mwingi wenye saratani unaopatikana kwenye ubongo wa mtu mzima haukuanzia hapo: umesambaa kutoka kwenye titi, pafu au kwingineko.

Doa kwenye picha

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa ufupi. Doa linaloonekana kwenye picha ya ubongo linaweza kuwa kifua kikuu, toksoplasma, au mabuu ya tegu wa nguruwe. Utafiti uliofanyika Burundi na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta dalili za tegu huyo katika damu ya karibu asilimia 60 ya watu wenye kifafa, dhidi ya asilimia 32 ya wasio nacho. Magonjwa haya yana dawa. Kwa hiyo degedege inayomwanza mtu ukubwani isipelekwe kwa mganga wa pepo. Ipelekwe kituo cha afya cha Dzaleka, na kutoka hapo rufaa ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Vilevile maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki na kuwa makali asubuhi, macho yanayofifia, mkono au mguu unaolegea upande mmoja, au tabia inayobadilika ghafla.

Hesabu yetu wenyewe

Ufaransa ina kumbukumbu za kila mgonjwa, lakini wanaotumia sindano huko ni wachache mno, ndiyo maana jibu lote liliegemea wanawake 9. Malawi ina watumiaji tele, ila vipimo ni haba: mashine ya kwanza ya MRI ilifika Blantyre mwaka 2008, tena kwa ajili ya utafiti wa malaria ya ubongo. Uvimbe usiopigwa picha hauhesabiwi.

Hata hivyo Malawi ina kitu kimoja cha thamani. Kila mgonjwa hutembea na kijitabu chake cha afya, na sindano zinazochomwa kliniki huandikwa humo pamoja na tarehe. Kinachotakiwa ni kwamba kila mwanamke anayepasuliwa meninjioma Lilongwe au Blantyre aulizwe ametumia njia gani ya uzazi wa mpango na kwa miaka mingapi. Aliyehamia kutoka Uvira au Bujumbura aulizwe na ya huko. Jibu liingizwe kwenye rejista ya taifa. Wanawake wa Malawi na Dzaleka ndio wanaochomwa sindano hii kwa wingi, na wanastahili jibu linalotokana na miili yao wenyewe.