Alama za Uteuzi katika Jenomu ya Ng'ombe

Jenomu ya ng'ombe ina herufi za DNA zipatazo bilioni 2.7, zilizogawanyika katika jozi 30 za kromosomu. Ilitangazwa mwaka 2009, ikiwa imesomwa kutoka kwa Dominette, ng'ombe jike wa kosaafu ya Hereford aliyefugwa Montana, Marekani. Ng'ombe wengine hulinganishwa na rejea hiyo: DNA yao hukatwa vipande vifupi, mashine huvisoma, kisha programu ya kompyuta hukirudisha kila kipande mahali pake. Kila ng'ombe huonyesha tofauti kwa mamilioni, na nyingi hazina athari yoyote.

Kazi ngumu, na ndiyo yenye thamani, ni kuzitambua zile chache zilizomsaidia mnyama kuishi. Tofauti yenye manufaa ikienea haraka kundini, huenea pamoja na herufi zinazoizunguka kwenye kromosomu. Eneo hilo hubaki karibu sawa kwa wanyama wote. Upungufu huo wa tofauti ndio alama ya uteuzi, uwe umefanywa na ukame, na maradhi au na mfugaji mwenyewe.

Ng'ombe wa Afrika wana alama hizo tele. Utafiti wa mwaka 2020, uliosoma jenomu za ng'ombe wa asili 172 wa bara hili, ulibaini kuwa zebu wenye nundu, ambao asili yao ni Asia Kusini, walichanganyika na ng'ombe wasio na nundu waliowatangulia barani. Katika Pembe ya Afrika hilo lilitokea miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Maeneo 16 ya jenomu yalionekana kuelemea upande mmoja wa nasaba kuliko ilivyotarajiwa. Miongoni mwake zimo jeni za kinga, uzazi na kustahimili joto.

Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, inatoa mfano ulio karibu zaidi na zizi. Nchini Kenya, watafiti waliufuatilia uzao wa fahali mmoja wa kosaafu ya Boran ambao wengi wao hupona ugonjwa huo. Walipowalinganisha waliopona na waliokufa, walifika kwenye jeni moja, FAF1B, ambayo toleo lake fulani huambatana na kupona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Ndama anaweza kupimwa toleo hilo tangu siku za mwanzo, bila kungoja aumwe. Palipo na ndigana kali, kipimo hicho kinastahili kutangulia uagizaji wa mbegu za fahali wa kigeni.