MOSHI UNAHESABIKA

Ukisimama steji ya Sagana jioni utauona moshi wa malori na matatu. Lakini huo unaouona sio mbaya zaidi. Chembe zinazodhuru mapafu ni ndogo mno, hazizidi mikromita 2.5, na milimita moja ina mikromita 1,000! Unywele wa kichwa ni mnene kuzishinda mara ishirini na zaidi. Kwa udogo huo hupenya mapafuni, nyingine hadi kwenye damu.

Je, tutazihesabuje? Mitambo mikubwa ya kazi hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi. Ndipo wataalamu wakabuni vifaa vidogo vya bei nafuu. Ndani mna feni inayovuta hewa na mwale wa leza. Chembe ikipita hutawanya mwanga, na jicho la kielektroniki linahesabu. Hesabu hutumwa kwa mtandao kama vile simu itumavyo ujumbe.

Jambo la kufurahisha ni kwamba michoro na programu za baadhi ya vifaa hivi ni za bure, yeyote aviunde. Ndivyo raia wa Stuttgart, Ujerumani, walivyoanza mwaka 2015. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha AirQo, na vifaa vyake vingine vimefungwa hata kwenye bodaboda za Kampala.

Huku kwetu mlimani je? Mwaka 2017 watafiti waliweka vifaa kama hivi Nairobi na Nanyuki kwa muda mfupi. Kando ya barabara Nairobi, wastani ulikuwa mikrogramu 37 hivi kwa kila mita ya ujazo. Nanyuki, 13 hivi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishauri wastani wa mwaka usizidi 5. Basi hewa ya mlima nayo si safi tunavyodhani.

Vina kasoro pia. Kukiwa na ukungu, kama ule wetu wa Julai, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi. Kwa hivyo sharti kwanza vilinganishwe na mtambo mkubwa.

Nyanya yangu hupikia kuni, na jikoni mwake hamna dirisha. Kikohozi chake tunakiita baridi tu, manake hakuna aliyewahi kupima anachovuta. Wanachama wenzangu, tuchange tuunde kifaa kimoja: wiki hii kikae jikoni, ijayo steji, kisha darasani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.