LEBO ZA MICHORO YA MAJENGO NA KAZI YA MWANAISIMU: MFANO WA ELDORET

1. Utangulizi

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jiji linalokua ni jiji linalojenga, na ujenzi huongozwa na michoro. Maelezo ya michoro hiyo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mahali pa ujenzi, hata hivyo, mwashi aweza kuwa Mluhya, seremala Mkikuyu na kibarua Mkalenjin, na lugha inayowawezesha kusikilizana ni Kiswahili. Kwa hiyo mara nyingi mchoro husomwa na msimamizi mmoja, naye huufasiri kwa mdomo. Asipokuwapo, maelezo yaliyomo huwa fumbo kwa wale wale wanaojenga.

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyojiandikia maelezo ya michoro. Aidha, yanaonyesha kwamba utaratibu huo umekifungulia Kiswahili mlango, lakini kazi iliyobaki ni ya mwanaisimu kuliko ya mhandisi.

2. Kutoka mstari hadi jedwali

Programu ya Sketchpad, iliyotungwa na Ivan Sutherland nchini Marekani mwaka 1963, ilionyesha kwamba mtu aweza kuchora kwa kompyuta. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilieneza ufundi huo maofisini. Hata hivyo, katika matumizi yake ya awali ukuta ulikuwa mistari tu, na neno lililoandikwa kando yake halikuwa na uhusiano wowote na mistari hiyo. Dirisha la milimita 1200 likifanywa la milimita 1500, mchoraji alilazimika kusahihisha kila karatasi lilipotajwa. Akisahau moja, michoro ilipingana.

ArchiCAD, iliyoanzia Hungaria mwaka 1984, na Revit, iliyotoka mwaka 2000, zilishika njia nyingine. Humo dirisha ni kitu chenye taarifa zake: upana, kimo, aina na malighafi. Lebo haina maneno yake yenyewe, bali husoma taarifa za kitu inachokielekea. Taarifa ikibadilika, lebo zote hubadilika, na jedwali la madirisha hujihesabu upya. Hali kadhalika, mtumiaji aweza kuandika amri fupi, mathalani kwa lugha ya programu iitwayo Python, zikapitia kila chumba na kubandika jina na eneo lake. Mkono wa mtu haujaondoka kabisa, kwani lebo huweza kulaliana zisisomeke, na ni lazima jicho lizikague.

Kwa mtazamo wa lugha, jambo kubwa hapa ni kwamba neno limehama. Limetoka kwenye karatasi likaingia kwenye jedwali. Zamani kuandika michoro kwa Kiswahili kulikuwa kuifanya kazi yote mara ya pili. Sasa yatosha kuongeza safu moja ya istilahi za Kiswahili, na michoro yote huweza kutolewa kwa lugha hiyo, au kwa lugha mbili sambamba. Lakini istilahi mbaya ikiingizwa mara moja, itajirudia katika karatasi zote.

3. Uteuzi wa istilahi

Lebo hudai neno moja lenye maana moja. Neno 'kizingiti' halitimizi sharti hilo, kwa sababu hutumika kwa sehemu ya chini ya fremu ya mlango na pia kwa sehemu ya juu. Katika mazungumzo huongezwa 'cha juu' au 'cha chini', lakini jedwali haliwezi kukisia. Ama maneno hayo yahifadhiwe pamoja na nomino, ama 'kizingiti' kibakie chini na 'linta', ambalo mafundi wamelizoea, lichukue nafasi ya juu.

Pili, kuna visawe vya kimahali. Anayesema 'simiti' Kenya husema 'saruji' Tanzania. Usanifu huelekea kwenye 'saruji', ilhali usalama wa jengo la Eldoret huelekea kwenye neno ambalo fundi wa Eldoret hulielewa bila kuuliza.

Tatu, kuna vitu visivyo na jina fupi. Tabaka linalozuia unyevu usipande ukutani huitwa na mafundi wengi wa Kenya 'dipisii', kutokana na herufi tatu za ufupisho wa Kiingereza. Maelezo yake kamili hayatoshei kwenye lebo. Programu hutatua hili kwa kubandika namba mchoroni na kuweka maelezo marefu pembeni mwa karatasi.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini katika fani hii. Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu huzigawa nguzo kwa unene kuwa fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mgawanyo huo ni jedwali kamili lililotungwa kabla ya kompyuta.

4. Upatanisho wa kisarufi

Programu huunda lebo kwa kuunganisha vipande, mathalani jina la kitu na hali yake. Katika Kiingereza kipande cha pili hakibadiliki. Katika Kiswahili hufuata ngeli: ukuta uliopo, dirisha lililopo, nguzo iliyopo, kizingiti kilichopo. Hali kadhalika mlango wa mbao, lakini dirisha la chuma. Programu isiyojua ngeli itaandika 'dirisha iliyopo', na msomaji atatilia shaka hata vipimo vilivyo sahihi. Dawa yake si ngumu: kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na kila hali ihifadhiwe katika maumbo yake yote.

Alama za ufupisho nazo zina mtego. Katika michoro ya Kenya, D1 ni mlango wa aina ya kwanza na W1 ni dirisha. Anayetaka Kiswahili kitupu atashawishika kuandika M kwa mlango na D kwa dirisha. Fundi aliyezoea D kuwa mlango ataacha nafasi ya mlango palipotakiwa dirisha. Kwa hiyo alama ziachwe zilivyo, na maneno peke yake yabadilishwe.

5. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, michoro yenye lugha mbili yahitaji tamko wazi juu ya lugha itakayoshika hukumu maelezo yakipingana, la sivyo lawama itamwangukia fundi.

Idara za Kiswahili, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, zina nafasi ya kuianza kazi hii kwa kwenda kwanza kwa waashi na maseremala, kukusanya maneno yao, kuyapanga kwa ngeli na kuyajaribu katika mchoro wa jengo dogo. Jedwali la kompyuta halichagui lugha. Hujazwa na atakayetangulia, na asipotangulia mjuzi wa lugha, litajazwa na mwingine kwa haraka yake.