Mama, Siku Zako Zikichelewa Usinyamaze

Habari ya leo watu wengi huionea haya. Mama humficha mume wake, binti humficha mama yake, na baba husema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Lakini haya hizo zimekwisha kuwapeleka wengine kaburini. Basi yafaa msome ukurasa huu pamoja, baba na mama, jioni mkiisha kula.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa milima ya Umatengo ameanza kuona damu ya mwezi tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Ni wakati wa kuchuma kahawa, na kila siku hushuka na kupanda mlima na mzigo kichwani. Kwa kawaida damu yake hurudi kila baada ya siku 28, basi aliitazamia tarehe 27 Julai. Haikuja. Sasa ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, naye amechelewa siku 19. Je, ana mimba?

Huenda anayo, huenda hana. Wanawake hawalingani: mmoja huona damu kila baada ya siku 21, mwingine siku 35, na wote ni wazima. Yai la mama hutoka kama siku 14 kabla ya damu inayofuata. Yai likichelewa kutoka, damu nayo huchelewa. Na yai huweza kucheleweshwa na njaa, ugonjwa, kazi nzito au huzuni ya msiba. Tena mama aliyechomwa sindano ya kuzuia mimba huweza kukaa miezi mingi bila kuona damu.

Lakini angalieni, msijidanganye kwa kukisia. Yai huishi kama siku moja tu, bali mbegu za baba huweza kuishi mwilini mwa mama hata siku 5. Kwa hiyo aliyesema, "Siku ile haikuwa na hatari," huenda alihesabu vibaya, maana yai halikutoka siku aliyoidhani. Vivyo hivyo mama anayenyonyesha asiseme, "Siwezi kushika mimba." Kunyonyesha humkinga sana ikiwa mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hupewa ziwa tu mchana na usiku bila uji wala maji, na mama hajaona damu tangu siku za uzazi kwisha. Moja likikosekana, kinga hupungua. Naye mama wa miaka 45 asikate shauri upesi kwamba uzazi umekoma. Mkumbukeni Elizabeti.

Basi afanye nini mama yetu? Kwanza, aandike. Kila nyumba ya Kikristo ina kalenda ukutani. Atie alama siku ya kwanza ya damu kila mwezi. Pili, apime. Kipimo cha mkojo hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Kinafaa tangu siku ile damu ilipokosa kuja, na mkojo wa alfajiri ndio bora. Kikionyesha hakuna mimba na damu bado haiji, apime tena baada ya juma moja. Tatu, akiwa na mimba aende kliniki mapema, kabla ya majuma 12 kutimia. Kwa mama wa mfano wetu, ni kabla ya tarehe 21 Septemba. Asingoje tumbo lionekane. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama mja mzito aonane na wahudumu mara 8, si mara moja au mbili. Huko atapimwa damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu, na wakati wake ukifika atapewa dawa ya kukinga malaria. Akina mama wa ukingoni mwa ziwa, Mbamba Bay na Lituhi, mnajua mbu walivyo wengi. Msilale bila chandarua.

Ile alama ya kalenda itamsaidia tena. Tangu siku ya kwanza ya damu, hesabu miezi 9 na siku 7. Kwa mama yetu ni tarehe 5 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya kutazamia mtoto, ingawa wengi huzaliwa kabla au baada yake kidogo.

Sasa sikilizeni neno kubwa kupita yote. Mara nyingine mimba hutunga nje ya tumbo la uzazi, mara nyingi katika mrija. Haiwezi kukua huko. Hupasua mrija, na damu humwagika ndani ya tumbo pasipo kuonekana. Mama huona damu kidogo, naye hushukuru akisema, "Ah, siku zangu zimekuja, zilichelewa tu." Hazikuja! Damu iliyochelewa ikija kidogo pamoja na maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu ya bega, msingoje kupambazuke. Mama huyu ahitaji hospitali yenye kupasua, kama Litembo kule mlimani, Liuli kando ya ziwa, au Peramiho. Pigeni simu namba 115, bila malipo, mwombe gari la kumchukua. Kama simu haishiki, mbebeni mpaka zahanati iliyo karibu.

Na mizizi je? Msimpe. Dawa nyingine za mizizi hukaza tumbo la uzazi na kumwaga damu. Hata vidonge vya dukani asimeze kabla ya kumwambia mganga wa zahanati, "Siku zangu zimechelewa."

Wazazi, neno moja juu ya binti zenu. Binti aliyechelewa akijua atapigwa na kufukuzwa, atanyamaza, au atakwenda kwa mtu wa gizani atakayemharibu. Kosa litasemwa kwa wakati wake. Kwanza mpelekeni akapimwe. Akiwa ni mwanafunzi, jueni kwamba tangu Novemba 2021 serikali yetu imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Maisha yake hayakuishia hapo.

Nawe baba, usikae kibarazani. Bikira Maria aliposikia habari ya Elizabeti hakungoja kuitwa. Alipanda milimani akakaa naye kama miezi mitatu. Wewe huna safari ndefu hivyo: mkeo yumo nyumbani mwako. Mwulize. Mtue mzigo wa kahawa. Weka akiba ya nauli tangu siku ile kipimo kinapoonyesha mimba. Na kliniki mwende wawili, maana mtoto ni wenu wawili, zawadi mliyopewa na Mungu mkono kwa mkono.

Leo jioni tazameni kalenda yenu. Kama hakuna alama, anzeni mwezi huu.